Mkono Shingoni

Wageni walikuwa watatu, vikombe vya kahawa vitatu, na hakuna aliyegusa hata kimoja. Batuli alikaa kwenye kona ya mkeka karibu na mlango, akivitazama vikombe zaidi ya alivyowatazama wenyewe. Katika mtaa wa Ng'ambo, mtu akija kwako akaacha kahawa yako ipoe mbele yake, ameshasema. Maneno yatakayofuata ni ya kupambia tu.

Mzee Omari, baba mkubwa wa bwana harusi, alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, kisha akakunjua karatasi. Alikuwa mtu wa kupenda kusoma mbele za watu. Kwenye harusi za mjini Tabora ndiye aliyesoma salamu za walioshindwa kufika, na kwenye misiba ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, kwa sauti ile ile nzito, akivuta kila neno hadi mwisho wake.

"Nimeiprinti pale steshenari," alisema, "kusudi asije mtu akasema nimezua."

Wale wazee wawili aliokuja nao walitikisa vichwa. Hiyo ndiyo kazi iliyowaleta.

"Wimbo wa kwanza," alisoma Mzee Omari, "wimbo wa kumsinga mwari, nyumba ya Adinani, Ng'ambo, Tabora. Wimbo wa pili: wimbo wa mateka kutoka Manyema, uliorekodiwa Ujiji. Zinafanana kwa mwendo wa sauti, kwa mapigo ya hatua, na kwa pumziko la mguno katika mstari wa tatu, ambapo waimbaji hupeleka mkono shingoni. Maelezo ya mwimbaji wa Ujiji: mkono ulikuwa wa kushika kongwa, mti wa kufungia mateka, lisikate shingo wakati wa kuteremka mlima." Alinyamaza kidogo, kama afanyavyo msibani akifika kwenye tarehe ya kifo. "Mwenye kusema: Batuli binti Adinani."

Akaikunja karatasi mara nne na kuiweka kando ya sinia, mbali kidogo, kama kitu kinachonuka.

Adinani, baba yake Batuli, alikuwa mshona kofia. Miaka arobaini ya sindano ilikuwa imemfanya awe na vidole visivyotulia, na sasa vilikuwa vikichezea uzi usiokuwepo.

"Bwana Omari," alisema, "haya ni mambo ya watoto."

Batuli alikuwa na miaka thelathini na sita. Alimtazama baba yake, akaona haya kwa niaba yake, kisha akaona haya kwa kumwonea haya.

"Mtoto gani anaandika dunia nzima isome?" aliuliza Mzee Omari. "Kijana wetu Hilali, bwana harusi mwenyewe, alifungua simu ili atuonyeshe kazi ya shemeji yake. Anajisifu, maskini, anasema shemeji yangu anaandika mambo ya nyimbo kwenye mtandao. Tukatazama. Tukakuta hiki. Sisi asili yetu Maskati, Mzee Adinani. Tunajulikana. Hatuwezi kuoa kwa watu wa kongwa halafu kila mwenye simu anatusoma."

Kila mwenye simu. Batuli alijua ukurasa ule ulikuwa umefunguliwa na watu kumi na mmoja tangu uwekwe, na kwa hesabu yake saba kati yao walikuwa wa nyumba ya Mzee Omari.

"Ijumaa baada ya sala tutarudi," alisema mgeni akiinuka. "Tukikuta jambo hili limefutika, harusi iko palepale. Tukikuta bado, basi, kila mtu na riziki yake."

Walipotoka, pazia la chumba cha ndani lilitikisika. Nyuma yake alikuwepo Yasmini, mdogo wake Batuli, mwari mwenyewe, ambaye alikuwa na siku ya nne tangu awekwe ndani na kuanza kusuguliwa singo, ule mchanganyiko wa manjano wa kumng'arisha mwari. Mwari hatoki mbele ya wakwe. Lakini masikio hayana utawa, na nyumba ya Adinani ilikuwa na kuta nyembamba.

Batuli alibeba sinia hadi uani akaimwaga kahawa chini, vikombe vyote vitatu. Siyo kwamba ilikuwa imeharibika. Alishindwa tu kuinywa baada ya wageni kuikataa vile.

*

Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza, ila hakuna aliyemwomba aieleze. Kila wimbo ulipewa anwani yake kwenye mtandao, kama nyumba ilivyo na namba. Ukisikia nyimbo mbili zinafanana, unaweka kiungo kati yao, na kiungo hicho nacho kinapewa anwani, ili mtu yeyote akifungue aulize: nani kasema? Zinafanana kwa lipi, sauti, mapigo au matumizi? Ushahidi uko wapi? Wanaouza muziki wana mashine zinazokwambia ukipenda huu utaupenda na ule, na hazikwambii sababu. Mradi wa Batuli ulikataa hilo. Humo mwenye kudai kufanana alitia jina lake, na mwenye kubisha naye alitia lake, kweupe, na hakuna aliyeweza kufuta la mwenzake.

Wimbo wa singo aliuweka mwenyewe, wa kwanza kabisa, kwa sababu ndio alioujua kuliko nyimbo zote. Bibi yake mzaa baba aliuimba. Wanawake wote wa ukoo waliuimba wakati wa kumsugua mwari, na mstari wa tatu ukifika wote waliguna pamoja, hm, na kupeleka mkono wa kushoto shingoni. Waliambiwa ni ishara ya kumvisha bibi harusi mkufu. Maneno yenyewe hakuna aliyeyaelewa, kwa hiyo walisema ni Kiarabu cha zamani. Kisha siku moja Batuli akiwa na hedifoni masikioni, akisikiliza nyimbo za Ujiji moja baada ya nyingine, aliguna pamoja na mwanamke asiyemjua, na mkono wake ukapanda shingoni wenyewe kabla hajafikiri.

"Futa," alisema Adinani. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha kushonea, kofia gotini.

"Haifutiki, baba. Naweza kuondoa kauli yangu. Itaandikwa imeondolewa, na sababu yake."

"Sababu andika umekosea."

"Sijakosea."

Adinani alichoma sindano, akavuta uzi, akachoma tena. "Unadhani sijui?" alisema bila kuinua uso. "Mama aliniambia mwaka aliofariki. Aliniambia mama yake aliletwa hapa kwa miguu kutoka huko Manyema, Kongo, amefungwa pamoja na wenzake, akaachwa Tabora kwa sababu alikuwa hawezi kuendelea. Akaniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Hata mama yako hakujua."

 Batuli alikuwa ameogopa kumwambia baba yake, akitafuta maneno laini, na kumbe baba alikuwa amekalia jambo lile miaka ishirini.

"Ng'ambo nzima tunajuana," aliendelea Adinani. "Kila nyumba ina lake. Ndiyo maana hatusemi. Wewe umekwenda kusema."

Batuli alimpigia simu Sixbert, msimamizi wa mradi aliyekaa Dar es Salaam, na kuweka sauti juu ili baba asikie. Sixbert alikuwa mtu wa taratibu, asiyeharakishwa.

"Da Batuli, ya kwako unaweza kuiondoa wakati wowote," alisema. "Ila kama mzee anaona si kweli, njia nzuri ni apinge. Alete wimbo mwingine anaodhani ndio unaofanana, aweke na jina lake. Watu watasikiliza wenyewe."

Adinani aliacha kushona. Batuli aliona wazo likimwingia baba yake, akaona na jinsi lilivyomfurahisha.

"Wao si wana wimbo wao?" alisema simu ilipokatwa. "Kina Omari. Ule wanaosema ulitoka Maskati na babu yao. Sijapata kuusikia, wanauimba wenyewe ndani, lakini nasikia na wao wanaguna. Unganisha wetu na wa kwao. Wetu ukifanana na wa Maskati, basi na wetu ni wa Maskati. Harusi iko palepale, na Bwana Omari amepata sifa. Halafu ule wa Ujiji unauondoa polepole."

"Baba, unataka tuazime ukoo?"

"Nataka mdogo wako aolewe," alisema Adinani.

*

Mzee Omari alikubali kabla Adinani hajamaliza kueleza. Aliona ni haki kabisa kwamba nyumba ya mshona kofia ije kuegemea jina lake, na Jumatano asubuhi alimpokea Batuli barazani mwenyewe, nyuma ya duka lake la nafaka, viti vya plastiki vimepangwa kama vya mkutano. Hilali alikuwepo, kijana mtanashati, akimwita shemeji, shemeji, na kumtafutia mahali pa kuweka kinasa sauti. Katikati ya wote aliketishwa Bi Mkubwa, mama yake Mzee Omari, mdogo wa mwili, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi," alisema Batuli.

"Marahaba, mwanangu. We' wa nani?"

"Wa Adinani, mshona kofia."

"Aa. Mjukuu wa Mama Kofia," alisema Bi Mkubwa, kwa jina la mtaani la bibi yake Batuli mzaa baba, akamtazama kwa muda, na Mzee Omari akakohoa.

Kabla ya wimbo ilibidi Mzee Omari atoe maelezo, na aliyatoa amesimama. Babu yake alitoka Maskati akapanda chombo mpaka Unguja, kutoka Unguja akaja Tabora na pembe zake za ndovu, hakuwa mtumishi wa mtu. Wimbo alikuja nao kifuani.

"Alikuja kwa miguu?" aliuliza Batuli, kwa kuwa maelezo yalitakiwa kuwa kamili.

"Hakutembea. Alibebwa kwenye machela."

"Na nani?"

Mzee Omari alimtazama kana kwamba ameuliza rangi ya chupi. "Na watu," alisema. "Rekodi sasa."

Bi Mkubwa alifumba macho, akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na imekwaruzika, lakini haikupotea njia. Mstari wa kwanza haujaisha Batuli alishaujua. Ulikuwa ni ule ule, mwendo ule ule wa kupanda hatua tatu na kushuka moja, mapigo ya mtu anayetembea na uzito. Mstari wa tatu ulipofika, Bi Mkubwa aliguna, hm, na mkono wa kushoto ukapanda shingoni. Mikono ya wanawake wawili waliokuwa mlangoni ilipanda pia. Batuli aliushika wake kwa mkono mwingine usipande.

"Umesikia?" alisema Mzee Omari ulipokwisha, ameridhika kupita kiasi. "Ndio huo huo wenu. Basi mliupata kwetu. Andika hivyo."

Batuli alikuwa na swali moja la mwisho ambalo fomu ilimtaka amuulize kila mwimbaji. "Bibi, mkono shingoni ni wa nini?"

"Mkufu," alijibu Mzee Omari.

"Mkufu?" Bi Mkubwa alifumbua macho akamgeukia mwanawe, na uso wake ulionyesha kwamba jambo hili ni jipya kwake. "Nani kakwambia mkufu? Mama akiniimbia alikuwa ananishika hapa, ananiambia shika, lisikukate. Kuna mteremko."

"Mteremko gani, bibi?"

"Mi' nitaujua wapi? Hata yeye tukimuuliza anasema mteremko tu. Basi."

 Mmoja wa wanawake wa mlangoni alishusha mkono wake na kuuficha ndani ya khanga.

"Bi Mkubwa amechoka," alisema Mzee Omari. "Umri. Muingizeni ndani."

"Sijachoka," alisema Bi Mkubwa, wakati wanamwinua.

Hilali alimsindikiza Batuli hadi barabarani. Alitembea kando yake kwa adabu, akambebea mfuko, na walipofika kona akainamisha kichwa. "Shemeji, pale mwisho," alisema. "Utapaondoa, siyo? Unamjua baba mkubwa. Mimi binafsi sina neno."

"Yule ni bibi yako, Hilali."

"Ndiyo maana, shemeji. Tunamstahi."

Batuli alichukua mfuko wake. Aliona kinyaa, kama aliyekuta unywele katikati ya tonge, akashindwa kutema na kushindwa kumeza. Wangeweza kumwogopa Mzee Omari, hilo angelielewa. Lakini kumnyamazisha kikongwe na kuita heshima, hilo lilimchafua hata yeye aliyelisikia.

*

Lile jibu alilikata. Alhamisi asubuhi, kwenye meza ya chumba cha nyuma kati ya marobota ya kitambaa cha kofia, Batuli alitafuta dakika ya tatu, akaweka alama, akakata, akahifadhi. Swali lake halikuwepo tena, na jibu la Bi Mkubwa halikuwepo. Wimbo uliisha vizuri, kimya. Alijiambia anafanya kwa ajili ya mdogo wake, na ilikuwa kweli, na kweli hiyo haikumsaidia kitu. Alijisikia kama mtu aliyeosha vyombo kwa maji machafu.

Yasmini aliingia akiwa amejitanda khanga, uso na shingo vimepakwa singo ya manjano ambayo ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka. Alifundisha watoto wa chekechea, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza.

"Nisikilizishe wa kina Hilali," alisema.

Batuli alimpa hedifoni na kuweka ule uliokatwa. Yasmini alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Wote, dada."

"Ndio wote."

"Dada. Nimekaa nyuma ya pazia tangu siku walipokuja wageni. Nimesikia baba anavyojishusha, nimesikia wewe ulivyorudi jana bila kusema na mtu. Nipe wote."

Alimpa. Yasmini alisikiliza ameinama. Ilipofika kwenye jibu la Bi Mkubwa, mkono wake ulikwenda shingoni, na ulipotoka vidole vilikuwa na unga wa manjano.

"Hilali alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Aliniomba nikate hapo."

Yasmini alichukua simu, akampigia, akaiweka mezani na sauti ikiwa juu ili dada yake asikie. Hilali alifurahi kupigiwa. Alimuuliza kama amechoka kukaa ndani, akamtania kuhusu manjano, na Yasmini alicheka kidogo, kwa kuwa alimpenda na kicheko kilitoka chenyewe.

"Hilali, lile la bibi," alisema kisha. "Unajua ni kweli?"

"Ah. Inaweza kuwa kweli." Alisikika akishusha sauti. "Lakini ya nini kuyachokonoa? Ukishaingia huku utazoea. Hata mama alizoea. Kwao ni kijijini Puge, babu alikuwa mkulima tu wa mahindi, baba mkubwa akasema tuwe tunasema kwao ni Nzega mjini. Mwanzo alikuwa analia. Siku hizi ukimuuliza anakwambia mwenyewe, Nzega mjini."

"Na watoto wetu?"

"Watoto wetu nini?"

"Watakapouliza mkono shingoni."

"Tutawaambia mkufu," alisema Hilali, kwa upole kabisa, kama mtu anayemhakikishia mkewe kwamba nyumba itakuwa na maji.

Yasmini aliagana naye vizuri. Kisha akakaa juu ya robota la kitambaa na kulia bila kuficha, machozi yakichora njia kwenye singo.

"Usidhani simpendi," alisema. "Nampenda. Lakini nimeona kinyaa, dada. Nimemsikia akisema lile la mama yake, nikajiona mimi, nimekaa sebuleni, naulizwa kwetu wapi."

"Naweza kuacha kama ilivyo," alisema Batuli. "Wimbo umeshakatwa. Kesho watasoma, watafurahi, utaolewa. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua. Baba anajua. Bibi yao anajua. Nani sasa asiyejua?" Yasmini alijifuta kwa ncha ya khanga. "Andika yote. Na jina langu weka."

*

Ijumaa baada ya sala walirudi wale wale watatu. Adinani alivaa kanzu yake ya sikukuu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba karatasi iko tayari na kiungo kimewekwa, akamshukuru Mungu, hakuuliza zaidi. Batuli alimhurumia, lakini hakumwambia. Angemwambia, baba angemwomba aache, na akiombwa yeye angekubali.

Safari hii walikunywa. Mzee Omari alikunywa vikombe viwili, akala kashata, akasifu tangawizi. Aliongea habari za mvua na bei ya mahindi, kwa ukarimu, kama mtu aliyesamehe. Wazee wake wawili nao walikunywa. Kisha akanyoosha mkono kwa karatasi iliyokuwa chini ya ukingo wa sinia, akatoa miwani, akaipangusa.

"Tusome basi," alisema, "ili wote tuwe mashahidi."

Alivuta pumzi. "Wimbo wa kwanza: wimbo wa kumsinga mwari, nyumba ya Adinani, Ng'ambo, Tabora. Wimbo wa pili: wimbo wa harusi, nyumba ya Omari, Tabora." Hapo aliinua macho awaone wanavyomsikiliza. "Zinafanana kwa mwendo wa sauti. Zinafanana kwa mapigo ya hatua. Zinafanana kwa pumziko la mguno katika mstari wa tatu, ambapo mkono hupelekwa shingoni."

Mmoja wa wale wazee, bila kujua, alikuwa ameupeleka wake.

"Zote mbili zinafanana na wimbo wa tatu, wa mateka, Ujiji," alisoma Mzee Omari. Sauti yake ilikuwa imeshashika mwendo wa msibani na haikuweza kusimama ghafla, ikaendelea yenyewe mbele ya akili yake. "Ushahidi: sauti ya mama mzazi wa Omari, dakika ya tatu. Mama akiniimbia alikuwa ananishika hapa, ananiambia shika, lisikukate. Kuna mteremko."

Aliyasoma maneno ya mama yake kwa sauti kubwa, kila neno hadi mwisho wake, ndipo alipoyatambua. Midomo iliendelea kusogea kidogo. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja zaidi, na aliusoma kimoyomoyo, lakini wote walijua unasema nini kwa kuwa pazia lilifunguka na Yasmini akatoka.

Mwari hatoki. Alitoka akiwa na manjano yake usoni, miguu mitupu, akasimama nyuma ya dada yake.

"Shikamooni," alisema. "Mwenye kusema ni Batuli na mimi. Anayebisha nafasi ipo, hapo chini. Anaandika jina lake."

Mzee Omari alimgeukia Adinani. "Umetuita nyumbani kwako kututukana."

Adinani alifungua mdomo. Batuli alingoja aseme ni mambo ya watoto. Alimwona akilitafuta neno lile, na akamwona akiliacha.

"Umesoma mwenyewe, Bwana Omari," alisema Adinani.

Waliondoka bila kuaga. Yule mzee aliyeshika shingo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuvaa viatu, na alipoinuka alisimama kidogo kama mwenye la kusema, kisha akawafuata wenzake. Nje walimsikia Mzee Omari akisema uchafu, uchafu, hadi kona.

Adinani alikaa na sinia mbele yake kwa muda mrefu. Alivigeuza vikombe kimoja kimoja, akavitazama ndani.

"Leo wamekunywa," alisema. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Aliinuka, akavua ile kanzu ya sikukuu, akaikunja, akarudi kwenye kofia zake, na siku ile hakusema na binti yeyote kati ya wawili.

*

Singo haitoki kwa mara moja. Hadi Jumatatu asubuhi Yasmini alikuwa bado na manjano kwenye mikunjo ya shingo, na alitakiwa kurudi darasani. Batuli alikuwa akimmwagia maji uani simu ilipolia kuashiria kwamba kuna aliyeandika kwenye kiungo. Kwa muda mfupi alijiruhusu kutumaini. Huenda ni nyumba nyingine ya Ng'ambo. Huenda ni yule mzee.

Alisoma, kisha akampa mdogo wake simu.

Ilikuwa kauli ya kupinga, imejazwa kwa utaratibu wote. Ilisema wimbo wa nyumba ya Omari haufanani na wimbo wowote wa Ng'ambo wala wa Ujiji, kwamba asili yake ni Maskati, na kwamba mkono shingoni ni ishara ya mkufu. Mahali pa ushahidi palikuwa patupu. Mwenye kusema: Hilali.

Yasmini aliisoma mara mbili, maji yakimtiririka mgongoni. Batuli alingoja alie. Hakulia. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyenusa maziwa na kukuta yamechacha, kisha ukatulia.

"Ametia jina lake," alisema. Akamrudishia dada yake simu, akaomba sabuni, akaendelea kujisugua shingo.